Maji ya Pembeni

Mwalimu alikuwa akikupa alama hata kama hukumwomba. Ukimpelekea sambusa anatafuna taratibu, anatazama dari, kisha anasema, "Sita." Ukimuuliza sita kwa nini, anakwambia kitunguu kakikata mtu mwenye haraka zake. Harusi za Ghubra alizipa tano, tano na nusu zikizidi. Mume wangu, siku nilipompeleka kumjulisha, alipata saba, na maskini akatoka pale kifua mbele mpaka nilipomweleza nyumbani kuwa saba ile ilikuwa ya viatu. Katika miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta, Khuwair ya Kusini, hapa Muscat, sikumsikia akimpa mtu kumi. Nane, miaka ile, nilizisikia mara mbili tu, na wote wawili waliopewa walikuwa wameshakufa.

Mie hakunisomesha. Nilikuja mtaa ule bi harusi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, yeye akiwa karibu kustaafu. Lakini kila mtu akimwita Mwalimu, muuza nyama akimwita Mwalimu, na hata mumewe, mzee mpole aliyekuwa akitembea na mikono mgongoni, akisimama mlangoni na kuita, "Mwalimu, chai." Jina lake nililijua siku moja kwenye karatasi ya hospitali, na nikahisi kama nimemchungulia chumbani.

Nikitaka kumweleza mtu Mwalimu alikuwa nani, naanza na chumba cha vioo. Muscat nzima bogenvilia zinaota nje bila kuulizwa. Ziko kwenye kuta za watu, ziko kwenye mizunguko ya barabara, ziko mpaka kando ya vituo vya petroli, zimejiachia tu kwenye jua. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa na bogenvilia ndani ya nyumba, kwenye chumba chake chenye mlango wake, vioo pande tatu na paa la kupitisha mwanga. Nilikuwa nikimtania, "Mwalimu, mti wa barabarani umeukalisha sebuleni." Ananijibu, "Na wewe je? Si nimekukalisha?"

Kile chumba kilitokana na eda. Wiki mbili kabla ya kufa, mzee alinunua mche wa bogenvilia nyekundu huko Seeb, akauweka kibarazani ndani ya pipa la plastiki, akasema Ijumaa ataupanda karibu na geti. Ijumaa ile ikapita, na ya pili yake tukamzika. Mwalimu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, nguo zile zile, hakuna udi, hakuna manukato, hakuna kutoka. Kibaraza kinatazama barabara, wanaume wanapita, na yeye kizuka, mjane aliye edani, haonekani. Basi akawa anauona mti wa mumewe kupitia upenyo wa pazia, na mtu wa kuutia maji ni yeyote atakayekumbuka.

Siku ya tano akamwita kaka yake. "Nataka kibaraza kizibwe kwa vioo. Vile vya kahawia, ambavyo ukiwa ndani unaona na ukiwa nje unajiona mwenyewe." Kaka yake akamwambia watu watasema: mwanamke kafiwa, anajenga. Mwalimu akamwambia, "Waambie nimeongeza stara." Mafundi wakaja, yeye akajifungia chumba cha nyuma siku tatu, na siku ya nne akahamia kwenye vioo na mkeka wake, msahafu wake na pipa lake.

Watu wakaja kumpa pole, wakaukuta ule mti, wakashika vinywa. Kwa Kiarabu bogenvilia inaitwa jahanamiya, na kuna bibi mmoja hakuweza kujizuia. "Astaghfirullahi, nyumba ya msiba unaweka jahanamiya?" Mwalimu hata hakugeuka. "Jina mmempa nyinyi," akasema. "Hakujiita mwenyewe."

Vioo vile vilitupa kicheko ambacho hatukukitarajia katika nyumba yenye msiba. Mtu anapita barabarani, anajiona, anasimama. Huyu anapanga kofia, huyu anachokonoa meno, mwingine anavuta tumbo ndani na kujitazama ubavuni. Hawajui kuwa hatua mbili mbele yao wamekaa kizuka na jirani yake wanawatazama. Mwalimu anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kilemba, nne. Tumbo, tatu. Kujiamini, saba." Nilikuwa nikiziba mdomo kwa shela. Na yeye, aliyekuwa hajacheka tangu siku ya mazishi, mabega yalikuwa yakimtikisika.

Lakini ule mti ulikuwa unakufa. Mwalimu hakuwa na kazi, na mti aliuweka pale mtu wake kwa mkono wake, basi akawa anautia maji asubuhi, anautia adhuhuri, anautia tena akimaliza kusali alasiri. Nami mama yangu alikuwa mpenda miti, nilijua kuwa bogenvilia haitaki hivyo. Ukiinywesha sana haitoi ua hata moja, inatoa majani, kisha majani yenyewe yanageuka manjano, kisha mizizi inaoza. Na yale ya Mwalimu yalikuwa yameshageuka, yakianguka juu ya mkeka anaposali. Nitamwambiaje mjane kuwa anamuua mti wa marehemu kwa kuupenda? Sikumwambia. Nikawa nakwenda kila siku baada ya kazi na chakula changu, na akiingia kutawadha mie naiinua haraka ile sahani ya chini ya pipa, namwaga maji dirishani, nairudisha. Akitoka ananiuliza, "Unauonaje?" Namwambia, "Mashaallah, unakunywa vizuri."

Siku moja alisahau taulo, akarudi. Alinikuta nimeinama na sahani mkononi, maji yanachirizika kwenye mkono wa baibui. Akaenda akatawadha, akasali, akavuta uradi wake wote bila kupunguza hata mmoja, na mie nimekaa pale nangoja. Kisha akageuka.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili, Mwalimu."

"Nimefiwa," akasema, "sijapumbaa. Kila anayeingia mlango ule ananidanganya. Ananambia nimenawiri, ananambia nitazoea, ananambia mzee hakuumwa hata kidogo. Nikasema, basi, yuko huyu wa ukuta wa pili, huyu hanidanganyi. Kumbe wewe ndiye mkubwa wao."

Nikalia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nililia kama nimepigwa fimbo ya mkono. Aliniacha nilie nimalize.

"Sikiliza," akasema. "Leo nna akili zangu. Kesho sijui. Hata nikifika pahala siwezi kitu, hata ukiona nitalia, wewe unambie. Usinifanye mtoto. Niahidi."

Nikamwahidi.

"Mbili juu ya kumi," akasema. "Moja ya chakula, moja ya machozi. Nenda zako."

Akaninunia siku kumi na mbili. Na cha ajabu, akaununia na mti. Hakuutia tone. Akikaa pale alikuwa akiupa mgongo kabisa, nami nikipeleka chakula kinapokewa na binti yake. Siku ya kumi na tatu niliitwa. Nikamkuta amesimama mbele ya pipa. Majani mengi yalikuwa yamepukutika, na kwenye ncha za vijiti vile vikavu kulikuwa na wekundu. Wiki ile ile ulijaa. Siku aliyotoka eda, wanawake waliokuja kumwogesha na kumtia udi waliingia kwenye chumba cha vioo, wakasimama wasijue pa kupita.

Tangu hapo akawa mtu wa kiu: kinachonyimwa maji ndicho kinachochanua. Hakuna asiyehubiriwa. Ukimlalamikia mtoto hataki kusoma, anakwambia unamtia maji sana. Shoga yangu aliyekuwa akimpigia mumewe kazini mara nne kwa siku aliambiwa vivyo hivyo, akaninunia mie niliyempeleka. Mti hakuutoa nje tena, na hakuuhamisha kutoka kwenye pipa lake, kwa sababu mizizi ya bogenvilia haipendi kuguswa. Aliufungia nyaya, ukapanda mpaka kwenye paa. Mwezi wa Februari akimaliza kulitazama ua la mwisho anaukata, anakata bila huruma, halafu anauacha. Na alipoutia maji alikuwa na sheria moja, kila aliyegusa kopo lake aliijua: maji hayamwagwi shinani. Yanamwagwa pembeni, ukingoni mwa pipa, taratibu, ukizunguka. "Shina ukilirowesha linaoza. Pembeni mizizi inakuja yenyewe kuyatafuta."

Mgeni akisifu maua, somo jingine. "Hilo si ua. Hayo ni majani, yamejipaka rangi. Ua ni hiki." Anakuinamisha mpaka ukione kile kidude cheupe cha katikati, kidogo hata mdudu hakimtoshi. Aliwainamisha wote, na niliwahi kumwona mke wa mkubwa mmoja wa wizara akiwa amepiga magoti na dhahabu zake zote.

Nilikuwa nikimchukua kwa gari Alkhamisi kwenda Matrah kununua vitambaa na viungo. Njia nzima anatazama bogenvilia za mizungukoni na kutikisa kichwa. Siku moja alinisimamisha kwa nguvu, akashuka, akavuka barabara na mwavuli wake, akamwendea mtunza bustani wa Kibangali aliyeshika mpira wa maji. Kwa Kiarabu, kwa Kihindi cha dukani, kwa mikono, akamsomesha habari ya kiu. Yule bwana akatikisa kichwa kwa adabu, akafunga mpira. Mwalimu akarudi garini ameridhika. Mie nikatazama kwenye kioo: hatujafika hata taa za barabarani, keshaufungua tena. Nikaikumbuka ahadi yangu, nikamwambia. Tulipofika akasema, "Asante," na akanipa saba.

Msidhani alikuwa malaika. Yeye anayetaka kweli kwa kila mtu alikuwa akimdanganya daktari wa sukari bila kupepesa. "Halua? Mie? Tangu Mfungo Mosi sijaionja." Na halua iko ndani ya kopo la sindano na nyuzi, chini ya kitambaa. Nilipoigundua nilimtazama nikamwambia, "Mwalimu, mbili juu ya kumi." Alicheka mpaka akashika ubavu. Na yeye mhubiri wa kiu, ukikaa kwake kula ulikuwa huinuki. Wali unaongezwa umegeuka kidogo tu, umekataa, umeziba sahani kwa mkono, unaongezwa juu ya mkono. Nikimwuliza mbona watu anawanywesha na mti anautesa, anasema, "Watu hawatoi maua. Wacha wanenepe."

Nilimpenda. Nasema wazi, kwa sababu kwetu watu hungoja mtu afe ndipo waseme. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wawili wa damu, na wao wanajua.

Tulipojenga Ghubra nikahama, lakini Alkhamisi niliendelea. Na huko katikati ya miaka ya elfu mbili, kidogo kidogo, Mwalimu akaanza kupotea. Kwanza alama zikachafuka: sambusa moja, akiipa sita, baada ya dakika anaipa nne. Kisha akawa ananiuliza habari za mama yangu, ambaye alimzika pamoja nami. Binti yake akamleta mwanamke wa kumwangalia, Nduku, Mkenya wa Machakos, mtu wa kanisa na wa vicheko, aliyemwita Ticha tangu siku ya kwanza. Mwalimu alimpenda. Alimpa tano na nusu.

Alkhamisi moja Nduku alinipokea getini, hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu. "Mama, kuja uone. Ticha ameupatia ule mti maji mara saba leo, na saa nne haijafika. Anamwaga, anaweka kopo chini, anaenda, anarudi anasema, hee, leo hamjatia maji. Nikificha kopo analia. Na mimi siwezi kuona mtu mzima akilia hivyo."

Nikaingia. Majani ya manjano yalikuwa yameenea sakafuni, na chumba kilinuka tope. Ilikuwa ile ile harufu ya wakati wa eda. Mwalimu alikuwa akizunguka pipa na kopo lake, anamwaga ukingoni, taratibu, vizuri kabisa. Alikuwa amesahau mama yangu kafa na hakusahau kumwaga pembeni.

Binti yake alitaka mlango wa vioo ufungwe kwa ufunguo. Hakuwa mbaya, alikuwa amechoka, na ule mti ulikuwa wa baba yake pia. "Ukifa huu," aliniambia, "mama atauona umekufa kila siku, na kila siku itakuwa ndiyo siku ya kwanza." Siku mbili walijaribu ufunguo. Nduku alinambia kuwa Mwalimu alisimama nyuma ya mlango tangu alasiri mpaka magharibi, kakumbatia kopo.

Basi tukafanya tulilolifanya. Nilinunua Matrah kasiki la udongo, kubwa, mdomo mpana. Tukapanga matofali matatu ndani, tukaliteremsha pipa juu yake mti na yote, mizizi haikuguswa. Nafasi iliyobaki baina ya pipa na kasiki tukaijaza kokoto, nyingine tukazitandaza juu pembezoni mpaka ukingo wa pipa usionekane. Chini ya kasiki Nduku alichomeka kipande cha mpira, akautoa nje kupitia tundu la ukutani mpaka kwenye asmini iliyokuwa ikinyauka chini ya dirisha. Mwalimu akimwaga pembeni, kama alivyotufundisha, maji yanapita kwenye kokoto, yanazunguka pipa, yanatoka nje. Mti wenyewe Nduku aliutia kikombe kila siku ya kumi, Mwalimu akiwa amelala mchana.

"Khalas," akasema Nduku, akijipangusa mikono. "Sasa Ticha amwage mpaka achoke."

Alimwaga na hakuchoka. Majani yakaacha kuanguka. Nilirudi Ghubra nimefurahi, na katikati ya njia furaha ikaniishia. Nilikuwa nimefanya yale yale. Sahani ile ile ya chini ya pipa, sasa nimeijengea kasiki. Nikajiambia hatajua. Nikajiambia nikimwambia atalia bure, na baada ya saa moja atakuwa keshasahau, ya nini? Kila Alkhamisi nilikuwa nikiingia na hilo neno mdomoni na kutoka nalo. Miezi mitatu.

Siku niliyolitoa ilikuwa ya baridi, hewa nzuri, madirisha yote ya chumba cha vioo yamefunguliwa. Mti ulikuwa umejaa. Uliufunika ukuta wote na kugusa paa, wekundu mtupu, haujawahi kujaa vile hata miaka ya mwanzo. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chini yake, kopo miguuni. Siku ile macho yake yalikuwa yapo, yananitazama mie hasa.

"Umenenepa," akasema.

"Wewe ndiye uliyeninenepesha."

Akatabasamu, akainama kuchukua kopo, na mie nikaona nisipolisema leo silisemi tena.

"Mwalimu, nna neno. Hayo maji hayaufiki mti."

Akasimama na kopo mkononi.

"Tumeliingiza pipa ndani ya kasiki. Ukimwaga pembeni yanapita kwenye kokoto, yanatoka nje. Yanakwenda kwenye asmini. Aliyefanya ni mimi."

"Yote?"

"Yote."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu, Mwalimu."

Akaweka kopo chini. Akautazama mti muda mrefu, kisha akanitazama. "Nimepumbaa?" akauliza. Aliuliza kama anayeuliza saa.

Nilitamani kusema hapana, Mungu ananijua. "Unasahau," nikasema. "Unautia maji, halafu unasahau kama umeutia. Ulikuwa unakufa."

Alilia kidogo. Machozi mawili matatu, akayafuta mwenyewe kwa ncha ya kanga, na mie sikumwambia asilie. Nduku alikuwa mlangoni na trei ya chai, akarudi nayo jikoni kimya kimya.

"Saba," akasema hatimaye. "Tatu nimekukata kwa kuchelewa." Kisha akageuza shingo, akasikiliza upande wa dirishani. "Na hiyo asmini?"

"Imepanda mpaka kwa jirani. Wanachuma kwako kila siku."

Akaokota kopo, akaukaribia ukingo wa kasiki, akamwaga akizunguka, taratibu, bila kulirowesha shina, mpaka likaisha. Tukayasikia maji yakitoka nje. Akaninyooshea kopo.

"Kajaze," akasema. "Huyo wa nje bado hajashiba."

Nikajaza mara tatu.

Alkhamisi iliyofuata alikuwa keshasahau yote. Nilimkuta anazunguka kasiki na kopo lake, ananung'unika kuwa nyumba hii hakuna mtu anayekumbuka kutia maji. Safari hii sikungoja hata chai. Nikavua viatu, nikaketi mbele yake, nikamwambia tena tangu mwanzo: pipa, kokoto, mpira, asmini, na kwamba anasahau. Akalia kidogo kama mara ya kwanza, akafuta machozi kwa kanga.

"Nane," akasema.